Hongo ya Ugogo haikuwa rushwa: maneno ya uhuru yafundishwe pamoja na umri wake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila Desemba inapokaribia, shule za hapa Dodoma huandaa midahalo, ngonjera na chemsha bongo kuhusu kupigania uhuru wa Tanganyika. Tarehe watoto wanazijua. Mwulize wa darasa la sita TANU ilizaliwa lini, atakujibu Saba Saba 1954 kabla hujamaliza swali. Wanapokwama ni kwenye maneno. Mwanafunzi hupewa karatasi ya maneno 50, kushoto neno, kulia maana, akakariri, akafaulu jaribio la Ijumaa. Jumatatu akikutana na aya nzima ya historia, hajui nani anamfanya nini nani.

Siku hizi jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, wakati mwanafunzi huyohuyo wa sekondari anasoma Historia nyingine kwa Kiingereza. Njia rahisi ambayo wengi hukimbilia ni kuchukua orodha ya Kiingereza na kuitafsiri neno kwa neno. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, maana Kiswahili hakikukaa pembeni kuutazama ukoloni. Kilikuwa ndani yake: lugha ya karani wa boma, ya akida na ya askari, na baadaye lugha ya mkutano wa hadhara wa TANU. Maneno yake yana wenyewe na yana umri.

Tuanze na neno la nyumbani. Karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, nchi kame ambako maji yalikuwa na wenyewe. Mtemi wa eneo alitoza hongo, yaani vitambaa, shanga au nyaya za shaba, ndipo msafara uchote maji, ununue nafaka na uendelee. Hongo ile ililipwa mchana kweupe, mbele ya watu, baada ya mabishano ya bei yaliyoweza kuchukua siku kadhaa. Ulikuwa ushuru wa kupita, kama ushuru wa forodha. Leo hongo ni rushwa. Mwanafunzi akisoma kwamba watemi wa Ugogo walitoza hongo, anaandika kwenye insha kwamba viongozi wetu walikuwa wala rushwa, na wengine huongeza kwamba ndiyo maana wakoloni walishinda. Kosa moja la msamiati limezaa hukumu juu ya watu ambao hawapo kujitetea. Halafu akifika kwenye Vita vya Maji Maji, anakuta waliopeleka dawa ya maji kutoka nchi hadi nchi nao wanaitwa hongo. Neno moja, watu watatu tofauti kabisa: mtoza ushuru, mjumbe wa dawa, na yule anayepokea bahasha chini ya meza.

Ndiyo maana tunashauri safu mbili ziwe nne: neno, nani alilitumia, mwaka gani, leo lina maana gani. Kipindi cha dakika 40 hakibebi zaidi ya maneno sita. Dakika 10 za mwanzo mwalimu achore ubaoni mstari wa miaka: 1884, 1891, 1905, 1919, 1946, 1954, 1961, 1962, 1964. Kila neno libandikwe kwenye mwaka wake kabla ya kuelezwa. Dakika 20 zinazofuata ni za sentensi mbili kwa kila neno, moja ya wakati ule na moja ya leo, na dakika 10 za mwisho mwanafunzi atunge zake. Darasa la watoto 80 ligawanywe makundi ya wanane, kila kundi na neno moja kati ya hayo sita, na mwalimu akusanye daftari moja kwa kundi, si madaftari yote 80, la sivyo zoezi litafia mezani kwake. Kinachokosewa mara nyingi ni safu ya nne kuachwa wazi kwa kuwa “maana ya leo kila mtu anaijua”. Safu hiyo ndiyo inayomzuia mtoto asimwone mtemi kama mla rushwa.

Jaribu njia hiyo kwenye maneno ya wakati wa Wajerumani. La kwanza ni Mdachi. Masimulizi ya zamani yakisema “enzi ya Mdachi” yanamtaja Mjerumani. Kijana wa leo akisikia Mdachi anamfikiria Mholanzi, na tumeshaona insha nzuri tu ikieleza jinsi Uholanzi ilivyotawala Tanganyika. La pili ni hela. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya kibanda, rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba ya kijijini. Kuanzia 1904 rupia moja ikagawanywa kuwa heller 100, na hiyo heller ndiyo hela tunayodaiana mpaka leo. Ukilifundisha neno hili pamoja na kodi, mtoto anaelewa kitu ambacho ufafanuzi wa “kodi ya kikoloni” haumpi: mtu aliyekuwa na mtama wake na ng’ombe wake alilazimishwa kuitafuta sarafu asiyokuwa na haja nayo, na sarafu hiyo ilipatikana kwa kuuza mifugo au kwenda kufanya kazi kwa wenye nayo, mathalani kwenye ujenzi wa reli iliyoanzia Dar es Salaam 1905 na kufika Dodoma 1910.

Akida na jumbe huchanganywa kila mwaka. Jumbe alikuwa mkuu wa kijiji. Akida alisimamia majumbe kadhaa kwa niaba ya ofisa wa Kijerumani, akakusanya kodi na kuamua kesi ndogo, na bara mara nyingi alikuwa mtu aliyeletwa kutoka pwani, asiye na ukoo mahali pale. Kosa linakuja pale jumbe anapofanywa mjumbe. Mjumbe ni wa nyumba kumi au wa mkutano. Wananchi au wanachama wamemtuma. Jumbe wa Mjerumani hakutumwa na wananchi. Tofauti ni herufi moja tu, ila mwelekeo wa madaraka umegeuka juu chini.

Boma nalo linahitaji uangalifu kwetu sisi wa Kanda ya Kati, kwa sababu mtoto anayetoka kwa wafugaji anajua boma ni la ng’ombe. Katika historia boma ni ngome, kisha ofisi ya serikali, ndipo likapatikana neno bomani. Wajerumani walikuwa na vituo Mpwapwa na Kilimatinde, katikati kabisa ya njia ya misafara, na kwa kukaa hapo waliwanyang’anya watemi ile hongo ya njiani. Vita vya Abushiri, ambavyo vitabu huviweka Pangani na Bagamoyo, vilifika huku: mwaka 1889 Abushiri bin Salim alikishambulia kituo cha Wajerumani cha Mpwapwa. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo.

Kuna neno jingine la kuangalia ramani kwanza: jimbo. Wakati wa Mwingereza, Jimbo la Kati lilikuwa eneo la utawala lenye wilaya ndani yake, makao makuu yake Dodoma. Leo jimbo ni la uchaguzi na lina mbunge. Mtoto anayesoma “Mkuu wa Jimbo aliwakataza TANU kufanya mkutano” anadhani mbunge ndiye aliyekataza.

Sasa vitenzi, ambavyo orodha za msamiati huvisahau kabisa kana kwamba historia ilifanywa na nomino peke yake. Kiswahili kina utajiri wa viambishi ambao unaweza kumfundisha mtoto siasa yote ya ukoloni kwa mzizi mmoja. Chukua gawa. Wakubwa wa Ulaya waligawana Afrika. Afrika iligawanywa. Afrika haikugawanyika. Kugawanyika ni kwa mti uliopasuka wenyewe au familia iliyofarakana, hakuna aliyetajwa kuwa amefanya. Vichwa vya habari na karatasi za mazoezi huandika “kugawanyika kwa bara la Afrika” na mhusika anatoweka kwenye sentensi. Vivyo hivyo tawala, tawaliwa, jitawala. Na pigana, pigania: unapigana na mtu, unapigania kitu. Anayeandika “Nyerere alipigana uhuru” amekosea sarufi, lakini pia amepoteza nafasi ya kueleza kwamba inawezekana kupigania kitu bila kupigana, kwa hoja, kadi za chama, migomo na karatasi za kura. Kisha mwambie mwanafunzi achague: uhuru ulidaiwa, ulipatikana, au ulitolewa? Kila kitenzi kina hoja yake na kila hoja ina ushahidi wa kutafutwa. Swali hilo moja linatosha mdahalo mzima.

Tukiwa kwenye kugawana: Mkutano wa Berlin ulianza Novemba 15, 1884 ukamalizika Februari 26, 1885, nchi 14 zikihudhuria, hakuna mtawala hata mmoja wa Kiafrika. Mwanafunzi huandika kwamba hapo ndipo mipaka yote ilipochorwa na Ujerumani ikapewa Tanganyika. Sivyo. Berlin iliweka kanuni za kudai ardhi. Karatasi ambazo Mjerumani Carl Peters aliwasainisha watawala wa Kiafrika, zikiwemo za Usagara na ule mkataba maarufu wa Mangungo wa Msovero, zilipata hati ya ulinzi ya serikali ya Ujerumani Februari 27, 1885, siku moja baada ya mkutano kufungwa. Mipaka na Waingereza ilikuja kwa makubaliano ya 1886 na 1890. Utawala wa moja kwa moja wa serikali ya Ujerumani, badala ya kampuni, ulianza 1891. Hapa neno la kushikilia ni mkataba. Mkataba unataka pande mbili zinazoelewa kitu kimoja. Karatasi ya Msovero iliandikwa kwa lugha ambayo Mangungo hakuisoma. Mtaani watu hulitaja jina la Mangungo wanapozungumzia mkataba mbovu, kana kwamba ujinga ulikuwa wake. Mwalimu aulize: aliyelaghaiwa na aliyelaghai, nani alaumiwe?

Uasi, vita, upinzani. Hili lisipite haraka. Mtu humwasi anayemtii au anayepaswa kumtii. Agosti 17, 1891, Lugalo, Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski, naye akauawa. Siku hiyo Mkwawa hakuwa chini ya Mjerumani. Alikuwa mtwa, yaani mtawala, katika nchi yake, na waliokuja na bunduki ndio wageni. Kuita tukio hilo uasi ni kukubali madai ya Mjerumani kabla hayajawa kweli. Kwa Maji Maji, 1905 hadi 1907, utawala ulikuwa umeshaingia, kwa hiyo aliyekaa ofisini aliona uasi. Waliong’oa pamba Umatumbi waliona vita. Kanuni yetu ni hii: sauti ya mwandishi iseme vita, na neno uasi libaki ndani ya alama za kunukuu pale ripoti ya serikali inaponukuliwa. Upinzani tungeshauri litumike kwa uangalifu, kwa kuwa kwa masikio ya leo lina vyama, bendera na ruzuku. Ukisema “upinzani wa Mkwawa” mbele ya kidato cha pili, usishangae ukiulizwa alikuwa chama gani.

Tukitoka hapo, neno linaloleta hasara kubwa zaidi kwenye mitihani ni koloni. Kila nchi iliyotawaliwa inaitwa koloni na hadithi inaisha. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna ubaya, ukoloni ni ukoloni. Lakini anayetaka kujua kwa nini Tanganyika ilijipatia uhuru kwa njia iliyojipatia lazima atenganishe maneno matatu. Kenya ilikuwa koloni kuanzia 1920. Ardhi ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza, na walowezi walikuwa na sauti kubwa. Zanzibar kuanzia 1890 na Uganda kuanzia 1894 zilikuwa himaya: watawala wa nyumbani walibaki na vyeo, Mwingereza akashika usukani. Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza haikuwa koloni wala himaya. Ilikabidhiwa Uingereza na Shirikisho la Mataifa, na baadaye Desemba 1946 ikawekwa chini ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa.

Hapo Kiswahili chetu kina kasoro ya kurekebishwa. Vipindi hivi viwili vyote huitwa udhamini, na hata Shirikisho la Mataifa na Umoja wa Mataifa huandikwa kama kitu kimoja. Tunapendekeza kipindi cha kwanza kiitwe dhamana na cha pili kibaki udhamini, kwa kuwa tofauti yake si ya jina tu. Wakati wa dhamana, Uingereza ilipeleka taarifa kila mwaka Geneva. Wakati wa udhamini, ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuja wenyewe kuangalia, kila baada ya miaka mitatu: 1948, 1951, 1954, 1957 na 1960. Na wananchi waliweza kupeleka malalamiko yao na kusikilizwa. Ndiyo njia aliyopita Kirilo Japhet 1952 kupeleka New York kilio cha Wameru waliofukuzwa Ngare Nanyuki, na ndiyo njia aliyopita Julius Nyerere Machi 7, 1955 kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini kwa niaba ya TANU, baada ya ujumbe wa 1954 kusema kwamba Tanganyika ingeweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25. Kenya, kwa kuwa ilikuwa koloni, haikuwa na mlango huo. Mwanafunzi aliyeandika “Tanganyika ilikuwa koloni la Mwingereza” na kuishia hapo hawezi kueleza safari hata moja kati ya hizo mbili.

Utawala wa Donald Cameron, Gavana kuanzia 1925, vitabu hupenda kuuita “utawala usio wa moja kwa moja”. Maneno sita, na hayakuambii kitu. Semeni utawala kupitia watemi. Kwa mtoto wa Ugogo inaeleweka papo hapo: mtemi alibaki na kiti chake, lakini kodi aliyokusanya, kesi aliyoamua na mshahara aliolipwa vilipangwa na bwana wa bomani. Na tuseme watemi, si machifu, tunapozungumzia Ugogo. Chifu ni neno la karani la kuwaweka mtemi, mtwa na mangi kwenye jedwali moja.

Kipande ni neno la kuvuka mpaka kwa tahadhari. Kenya kipande kilikuwa kitambulisho ambacho Mwafrika mwanamume alitakiwa kutembea nacho, kikining’inia shingoni. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi; isipojaa, mshahara wa kipande hicho hautoki. Waliosafirishwa kwenda mashambani humo kwa mikataba waliitwa manamba, kwa kuwa walipewa namba. Usilifafanue neno hilo kwa “vibarua”. Kibarua anarudi nyumbani jioni.

Kura tatu. Hapa wanafunzi wengi huandika kwamba kila mtu alipiga kura mara tatu, au kwamba Mwafrika mmoja alihesabiwa sawa na kura tatu. Utaratibu ulikuwa hivi: kulikuwa na majimbo 10 ya uchaguzi, kila jimbo viti vitatu, kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia, kimoja cha Mzungu. Mpiga kura alitakiwa kuchagua wote watatu. Asipochagua mmoja wao, kura yake yote inaharibika. Kuandikishwa kulitaka umri wa miaka 21 na mojawapo ya sifa kama elimu ya darasa la nane au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, fedha ambazo mkulima wa kawaida hakuzisikia. Uchaguzi ulifanyika nusu Septemba 1958 na nusu Februari 1959. Nchi ilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni 8 na Wazungu elfu 20 hivi, viti vikiwa sawa kwa sawa. Ukishaeleza hayo ndipo “Uamuzi wa Busara” wa Tabora, Januari 1958, unapoleta maana: TANU iliukubali utaratibu iliouchukia, ikawaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubaliana nayo, ikashinda. Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka na kuanzisha chama cha ANC cha Tanganyika. Bila kueleza karatasi ya kura, busara ya uamuzi ule inabaki kuwa sifa tupu ya kukariri.

Uhuru lenyewe ni neno la zamani kuliko TANU. Pwani huru alikuwa mtu asiye mtumwa, na kupewa uhuru kulikuwa kuachiwa na bwana wako. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, miaka 32 tu kabla ya TANU. Kwa hiyo jukwaani neno hilo halikuwa la kuazima kutoka vitabuni. Lilikuwa na kumbukumbu ya shingo na mnyororo. Safu ya tatu ya jedwali inapata kazi yake hapa.

Ngazi za mwisho ziandikwe kwa tarehe, kila mara, kwa sababu majina yake yanateleza. Uchaguzi wa Agosti 1960 uliipa TANU viti 70 kati ya 71. Septemba 1960 Nyerere akawa Waziri Kiongozi: serikali ya madaraka. Mei 1, 1961 akawa Waziri Mkuu na nchi ikajitawala kwa mambo ya ndani. Hatua hii nayo wengine huiita madaraka, ndiyo maana tunasisitiza tarehe. Desemba 9, 1961, uhuru. Desemba 9, 1962, jamhuri. Katikati ya hizo mbili za mwisho kuna mwaka mzima ambao wanafunzi hawaujui: Tanganyika huru, lakini mkuu wa nchi ni Malkia wa Uingereza, akiwakilishwa na Richard Turnbull kama Gavana Mkuu. Watoto wanaofuatilia runinga za Kenya huleta mkanganyiko mwingine, kwa sababu Kenya ina Siku ya Madaraka, Juni 1 (1963), na Desemba 12 yake ina uhuru wa 1963 na jamhuri ya 1964. Madaraka ya Kenya yasibandikwe Tanganyika.

Na hapa, Ndugu Mhariri, ruhusu tukuguse wewe na wenzako wa vyumba vya habari. “Uhuru wa Tanzania 1961” ni kosa tunalolisoma kila Desemba. Iliyopata uhuru 1961 ni Tanganyika. Zanzibar ilipata uhuru Desemba 10, 1963, Mapinduzi yakafuata Januari 12, 1964, Muungano Aprili 26, 1964, na jina Tanzania likaanza kutumika Oktoba mwaka huo. Mtoto haamini kalamu nyekundu ya mwalimu kama kichwa cha habari kinasema vingine.

Kwa shule zenye uwezo wa kukodi basi, nendeni Kongwa. Mahali pamoja panabeba maneno ya vipindi viwili. Kati ya 1947 na 1951 Waingereza waliendesha pale mradi wa karanga, ambao Urambo na Nachingwea zilikuwa na sehemu zake. Zilipangwa ekari milioni 3.2, zikateketea pauni zaidi ya milioni 36. Mvua ilikuwa haba, udongo wa mfinyanzi ulikuwa ukikauka unakuwa kama saruji, na mashine zilivunjika kwenye visiki na mizizi. Neno la kujadiliwa hapo ni maendeleo: ya nani, na aliyeulizwa ni nani? Kisha kuanzia 1964 eneo hilohilo likawa kambi ya wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika, chini ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Wareno na makaburu waliwaita magaidi. Sisi tuliwaita wapigania uhuru. Mwanafunzi aliyeelewa hoja ya neno “uasi” kule Lugalo hahitaji kuelezwa zaidi, ataona mwenyewe kwamba ni mchezo uleule. Mwambie pia atofautishe uhuru na ukombozi. Tanganyika ilidai uhuru kwa hoja na kura. Msumbiji ilikombolewa kwa vita vilivyoanza Septemba 1964, ikawa huru Juni 25, 1975.

Kabla ya safari wagawiwe kazi: kundi moja liandike maneno ya kwenye vibao na makaburi kama yalivyo, kundi la pili liulize majina ya mahali na sababu yake, kundi la tatu lichore ramani. Tatizo la ziara nyingi ni kila mtoto kunakili kibao kilekile.

Limebaki neno ambalo haliko kwenye orodha yoyote ya kitaifa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani kisha Waingereza walichukua Ugogo ng’ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kikosi cha wabebaji wa Mwingereza (Carrier Corps) ndicho kilichoiachia Dar es Salaam jina la Kariakoo. Mvua ilipokosekana hakukuwa na akiba, wala mifugo ya kubadilishana chakula. Njaa iliyofuata, 1917 hadi 1920, Wagogo waliipa jina: Mtunya. Likitafsiriwa kuwa “baa la njaa” linaonekana kama kazi ya mbingu, na wale waliobeba magunia na kuswaga ng’ombe wanatoka kwenye hadithi. Liandikwe hivyohivyo, kwa herufi kubwa mwanzoni, pamoja na miaka yake. Wazee wa leo hawakuiona, lakini walisimuliwa na wazazi wao. Mwanafunzi aende na swali moja la Kigogo, si maswali 20 ya Kiswahili, aandike kwanza maneno ya mzee kama yalivyotamkwa, maelezo ya Kiswahili yafuate chini yake. Mwalimu asiyejua Kigogo ampe chaki mtoto anayekijua.

Wako,

Walimu wa Historia,
Dodoma